Ukuta wa Sabuni na Hasara ya Mvua

Kuna siku moja ya mvua za kwanza, mwanangu, ambayo ningali naikumbuka kuliko siku nyingi zilizokuwa njema. Ilikuwa Élisabethville, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, nami nilikuwa kijana mchoraji wa matangazo kwenye kuta za maduka. Sikuwa mwajiriwa wa mtu. Biro, yaani ofisi, ya matangazo ya mjini iliniita ilipokuwa na ukuta, ikanisahau ukuta ulipokwisha. Nawe unayechorea ofisi za leo kwa malipo ya kipande kwa kipande, nadhani unaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa duka moja kule kwetu cité, mtaa wa Waafrika, na tangazo lilikuwa la sabuni: mama anacheka, ameshika shuka jeupe. Mapadre wa shule niliyosoma walikuwa wamenipa hadi mwisho wa mwezi nilipe ada ya shule. Nisipoilipa, baba, aliyetoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, angenipeleka karakanani nikashike nyundo kama yeye. Kwa haraka hiyo niliukubali ukuta bila kuuliza neno. Rangi nilikopa, ngazi nikaazima. Mwenye njaa hana miiko. Mimi sikuwa hata na maswali.

Alasiri niliyomaliza, kabla rangi haijakauka, mvua ikaja. Yule mama alitiririka hadi kwenye msingi wa nyumba, na watu waliojikinga barazani wakapata kichekesho.

«Angalia, ile sabuni iko na nguvu!» mmoja alisema. «Imefula mpaka na mwenye kufula!»

Bwana wa biro alipokuja kuutazama hakucheka.

«Mimi nalipa ukuta. Hii iko matope. Rudilia, ao ntaita mwingine.»

Nilikwenda kwa Mzee Kazadi, Mkasai aliyezeeka katika kazi hii, nikitarajia kuhurumiwa. Yeye aliendelea kuosha brashi zake.

«Mutoto, mbele ya kupanda ku échelle, ile ngazi ya kuazima, ulimuuliza bwana mvua iko ya nani?»

«Muzee, mvua iko ya Mungu.»

«Aa, mufalme wa katekisimu! Mvua ya Mungu, ndiyo. Na hasara yake? Na rangi? Ungeanguka, ule mugulu wa kuvunjika ungekuwa wa nani?»

Nilijitetea kwamba niliona haya kumuuliza bwana mambo kama hayo.

«Basi uliona haya siku moja, sasa utatumika bure. Haya iko bei kali, mwana.»

Niliurudia ukuta. Malipo yalitosha deni la rangi tu.

Mwezi haujaisha, biro ikaniita tena, na ukuta huu wa pili ungetosha ada. Safari hii niliuliza kwa adabu: rangi ni ya nani, na mvua ikiharibu kazi, nani atalipa kuirudia? Bwana akamwita kijana mchoraji aliyesimama nyuma yangu akingoja kazi, akampa yeye ukuta. Habari hiyo nilimpelekea Mzee Kazadi kama mashtaka.

«Leo uko na deni ya rangi?» aliniuliza.

«Hapana, muzee.»

«Basi enda ukalale.»

Ada haikulipwa. Niliingia karakanani, na chuo kikuu nilikifikia nikiwa na watoto wangu mwenyewe, miongoni mwa vijana walioniita papa, yaani baba. Kwa miaka mingi nilijiuliza kama swali lile lilistahili bei yake. Leo nadhani lilistahili, ingawa lilikosa kitu: yule kijana wa nyuma yangu sikumwambia nitakaloliuliza, naye akaingia kimya kama nilivyoingia mimi mara ya kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, mwanangu, kuuliza si ujinga. Uliza kabla hujashika brashi, wala usijidanganye kwamba swali halitakugharimu. Pengine kazi itakukimbia. Lakini iliyokukimbia mlangoni haijakuachia deni. Na kabla hujaingia, mgeukie mwenzako anayengoja, umwambie utauliza nini, ili naye aulize hilohilo.

Mungu akupe ulimi usioogopa, wenzako wasikugeuke, na kila jasho lako lirudi nyumbani likiwa chakula.