Priampu na Mtamba wa Mahari

Mwanangu, ipo siku ambayo bado naikumbuka kama ya jana. Siku hiyo baba yako Okoth, kaka yangu, nusura abadilishe mtamba wangu kwa kisanduku cha chuma. Nasema wangu kwa sababu aliletwa kama mahari yangu nilipoolewa Migori. Kwetu Sindo, kaka huolea ng'ombe wa mahari ya dada yake, na baba yako alikuwa ameposa msichana huko Macalder.

Lakini kaka huyo! Alipenda muziki kuliko chakula. Fundi mmoja alimletea priampu, kisanduku cha kukaa kati ya redio ya kaseti na amplifaya, akakiunganisha. Muziki wetu wa benga ukachangamka kweli. Hata mimi niliyekuja kugombana, mguu ulianza kucheza wenyewe.

"Umesikia, nyaminwa?" akaniuliza. "Dada yangu, kumbe tulikuwa viziwi! Huyu fundi aende na ng'ombe."

Shangazi yetu, tuliyemwita Waya, alikuwa mwalimu wa kwaya. Alisikiliza hadi wimbo ukaisha.

"Hiyo imepandisha sauti tu," akasema. "Hata kwa kwaya yangu, mwenye koo kubwa husifiwa kwanza. Punguza, ilingane na ile ya mwanzo. Halafu wewe Okoth uangalie ukuta, useme kama kisanduku kipo au hakipo."

Fundi akawa anakiunganisha na kukitoa, kaka akibahatisha. Mara akisema kipo, hakipo. Mara akisema hakipo, kipo. Mwishowe nikamwonea huruma. Alimrudishia fundi kisanduku chake bila kumwangalia usoni.

Sisemi priampu ni bure. Santuri hutoa sauti dhaifu, bila priampu husikii kitu. Lakini simu yako hiyo ina sauti ya kutosha. Kabla hujauza mbuzi wako ununue priampu, ujaribu kama baba yako alivyojaribu.

Na watu pia, mwanangu, uwapime hivyo. Wawili wakikujia na kesi, anayepiga kelele mshushe kwanza, walingane, ndipo uamue. Debe tupu haliachi kuvuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na baba yako alisikia, guu lake likapona.

Nyasaye, Mungu wetu, akujalie masikio yasiyo na haraka, na zizi lako lijae. Yule mtamba alifika Macalder, ndiyo maana una mama.