Sabufa ya Baba na Posa ya Dada

Nimekosa, na hapa nyumbani nimekatazwa kulisema. Ndiyo maana nawaambia nyinyi msionijua.

Tunakaa Mtambile. Kaka yetu aliyeko Maskati alituletea TV mpya, kubwa. Lakini Baba masikio yake yamepungua. Alikuwa anasogeza kiti mpaka karibu na kioo na bado hasikii vizuri. Akanituma mjini Chake nikanunue sabufa, apate kusikia khutba na taarifa ya habari.

Dukani muuzaji aliniuliza TV yetu ina matundu gani nyuma. Sikujua! Wateja wengine walikuwa wananitazama, na mimi kusema mbele ya watu ni mtihani. Nikajibu, "Ya kawaida." Akanifungia mzigo.

Nyumbani nikachomeka pini nyekundu na nyeupe kwenye matundu ya rangi hizo hizo. Kimya. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba matundu yale ni ya kuingiza sauti tu, hayatoi. TV yetu ilitaka sabufa yenye waya wa aina nyingine.

Ilinipasa nirudi dukani kuuliza. Niliona haya! Baba alipokwenda msikitini nikafungua mgongo wa TV, nikakata waya wa sabufa, nikaufunga kwenye spika za ndani. Ikatoa cheche. Picha ikabaki, sauti ikafa kabisa.

Nikarudisha skrubu zote. Baba aliporudi nikamwambia, "Tangu fundi alipokuja kufunga dishi, TV hii haiko sawa."

Jamani, ulimi wangu!

Fundi huyo ni kijana jirani yetu. Alikuwa anamtaka dada yangu, na dada anamtaka. Akaitwa. Alifungua, akatazama, akasema kwa adabu, "Mzee, humu kuna mtu ameshafungua. Waya umeungua."

"Nani wa kufungua?" Baba akamjibu. "Huyu mwanangu hata kuku anaogopa kumfukuza."

Waliokuwapo wakacheka. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

Wazee wake walipoleta posa, Baba aliwarudisha. Alisema mbele yao wote kwamba hampi binti yake mtu anayeharibu kazi kisha akawasingizia wenye nyumba.

 Dada alikwenda jikoni akapakua, akaniletea sahani yangu kama kawaida. Niliirudisha jikoni kama ilivyo.

Asubuhi nikamfuata Baba kondeni nikamwambia yote. Nilitaraji fimbo. Yeye alikaa chini, akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Basi iwe hivyo hivyo," akasema. "Mie nshasema mbele ya watu wazima. Leo nirudi niwaambie mwongo ni mwanangu? Ukilitoa hili, usiniite baba."

Sasa tumefungwa wote wawili. Hatutazamani. Jioni anawasha TV, anatazama watu wanavyofungua midomo, na mimi siwezi kukaa wala kutoka. Fundi watu hawamwiti tena. Tukikutana njiani ananitolea salamu, nami naitikia huku natafuta pa kupitia.

Imekuja posa nyingine, kutoka Wete, na Baba ameikubali upesi. Juzi dada aliniuliza tukiwa wawili tu, "Wewe ulikuwapo siku ile. Kweli aliharibu yeye?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Ndugu zangu, ukitumwa kununua sabufa, kwanza igeuze TV, piga picha mgongo wake kwa simu, uende nayo dukani. Hujui, uliza, hata wakikucheka. Kicheko cha dukani huishia dukani. Na ukiunguza, sema siku ile ile, kabla wakubwa hawajatoa kauli kwa ajili ya uongo wako. Wakishaitoa, hata ukisema kweli haikubaliwi tena nyumbani.