Kumbukumbu Safi za Bi Funguo

Pale hospitalini walimwita Bi Funguo, kwa kuwa seva zote, zile kompyuta kuu za hospitali, zilikuwa mikononi mwake. Hatulii, yule! Akiketi, mguu unacheza. Akitoka nyumbani, atarudi mara mbili kuhakikisha jiko limezimwa. Mumewe humtania, "Mke wangu, hata ukizikwa utarudi kukagua kufuli."

Asubuhi hiyo alikuwa na sababu. Saa nne kikao kingeamua kama fundi wa maabara afukuzwe. Siku tatu majibu ya damu hayakufika wodini, naye fundi, mzee mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliapa kwamba kila jibu alilituma. Bi Funguo ndiye aliyeandika barua: kumbukumbu za seva, ile orodha ya kila kilichopita na kilichozuiwa, ni safi, hakuna kilichozuiwa. Kwa barua hiyo, mzee alikuwa mwongo.

Sasa ni saa tatu na robo, chai imepoa, naye anazipekua kumbukumbu zile zile kwa mara ya nne. Safi. Safi mno! Hilo ndilo lililomkera. Ukuta-moto, ule mlinzi wa seva anayeamua nani apite na nani arudishwe, hulalamika kutwa nzima. Siku tatu bila hata mguno? Tangu lini?

Akafungua faili la kichujio, linaloamua taarifa zipi ziandikwe kwenye kumbukumbu, ambalo hakuligusa tangu mwezi uliopita. Mstari wa mwisho, aliouandika mwenyewe siku alipochoshwa na kelele, uliamuru kila taarifa ya "imezuiwa" itupwe. Alimziba mlinzi mdomo, kisha akaandika barua kwamba mlinzi halalamiki.

Akaufuta, akawasha huduma upya. Skrini ikajaa: imezuiwa, imezuiwa, imezuiwa. Zote kutoka kwenye mashine mpya ya maabara, iliyounganishwa siku ile majibu yalipoanza kupotea. Kanuni ya kuiruhusu ilikuwepo, lakini aliiweka chini ya ile inayozuia wageni wote, na ukuta-moto husoma kuanzia juu. Ukikuta amri inayomhusu mgeni, haushuki tena. Akanakili hesabu ya waliorudishwa, ambayo ukuta-moto huitunza hata ukizibwa mdomo, akazibadilisha kanuni nafasi. Majibu yakaanza kumiminika wodini.

Angeweza kusema mitambo ilikorofisha tu. Nani angejua? Aliwaza hivyo korido nzima, na aibu ikimtafuna.

Kikaoni mzee alikuwa amevaa koti lake la kazi, limepigwa pasi. Bi Funguo hakuketi.

"Mzee wangu alituma," alisema. "Barua yangu ndiyo ya uongo. Mlango niliufunga mimi, na mimi ndiye niliyeikataza seva isiseme."

Mkurugenzi akavua miwani. Mzee alimtazama Bi Funguo peke yake.

"Kwa hiyo mwanangu, nilikuwa nabisha hodi?"

"Mara mia nne na kumi na mbili, mzee wangu."

Mzee akashusha pumzi. "Jana nilimwambia mke wangu, labda akili zimeanza kunitoka."