Alinifinya Kiganja

Shida yangu ilianza mwaka 1934, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ukame ulimaliza ngamia wa baba huko Hadado, kisha baba naye akafa. Tulibaki watatu: hooyo, yaani mama yangu, mimi, na mtoto wa mjomba ambaye mama yake alifariki akimzaa. Hooyo alitunyonyesha pamoja. Kwa dini yetu, huyo ni ndugu kamili. Na alibaki ngamia jike mmoja, mweupe, mali ya hooyo. Maziwa yake ndiyo yaliyotuvusha mpaka Garissa.

Shule sikusoma. Kiswahili nilikiokota sokoni Garissa, na herufi nilifundishwa na karani mmoja nikimpelekea maziwa. Kwa hiyo anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke, lakini kwanza ahesabu mifugo yake.

Sitaficha: tulipofika miaka ishirini hivi, tulikuwa matapeli. Ndugu yangu alikuwa dalali. Mimi nilikuwa mwenye ngamia. Wa tatu alikuwa mzee tuliyemwita adeer, kama mtu anavyomwita baba mdogo. Alikuwa na ndevu nzuri na fimbo nzuri, na duniani hakuwa na kitu kingine.

Sokoni kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Dalali anafunika mkono wako kwa shuka, anakushika vidole, na idadi ya vidole ndiyo bei. Kisha anaenda kumshika mnunuzi vivyo hivyo. Ukiridhika unasema mbele ya watu, "Nimeuza." Neno hilo likishatoka, halirudi.

Sisi tulikuwa na alama yetu. Ndugu yangu akinifinya kiganja, maana yake mnunuzi ni wetu, huu ni mchezo, sema "nimeuza" bila hofu. Basi kila mara adeer alimnunua ngamia wa hooyo kwa bei ya juu, watu wote wakiona anavyolipa kupitia kwa dalali. Wageni waliposikia fununu za bei, walikimbilia ngamia wetu wengine, wachovu, tulionunua kwa bei ya chini, tukawalambisha chumvi na kuwanywesha mpaka matumbo yakajaa. Jioni adeer alimrudisha yule mweupe kwenye korongo kavu nje ya mji, nikaenda naye nyumbani. Hooyo alidhani nampeleka malishoni.

"Waryaa, wewe kijana, leo lia kidogo ukimuuza," ndugu yangu aliniambia. "Lakini vizuri. Juzi ulilia kama mbuzi aliyekanyagwa."

"Wewe ndiye mbuzi," nikamjibu. Tulicheka sana siku zile.

Tuliapa jambo moja tu. Mdomo udanganye dunia nzima, lakini chini ya shuka, vidole visidanganyane.

Siku moja aliniambia, "Walaal, ndugu yangu, uso wa adeer umeanza kuzoeleka. Leo amemtuma mtu mwingine. Ngoja alama." Sikuuliza kitu. Unamuulizaje mtu mliyenyonya ziwa moja?

Alikuja mwanamume mnene aliyevaa koti. Ndugu yangu akafunika mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa baridi, na jua lilikuwa kali. Hilo nalikumbuka. Akanifinya.

"Nimeuza!" nikasema kwa sauti, na nikalia vizuri.

Nilikaa korongoni mpaka magharibi. Hakuja mtu. Nikaenda kwa adeer, nikamkuta anakunywa chai.

"Wewe unatoka wapi?" akauliza. "Mimi nilimwambia ndugu yako leo nina homa, soko hatuendi."

Asubuhi niliwaendea wazee wa soko. Yule mnene alikuwa ameshavuka mto na ngamia, na ndugu yangu hakuonekana, wala pesa alizopokea.

"Ulisema nimeuza?" mzee mmoja akauliza.

"Nilisema."

"Dalali alikulazimisha?"

"Alinifinya."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. "Wallahi, kijana amefinywa! Mleteeni mama yake!"

Ningewaeleza maana ya kule kufinywa, ningekuwa nimekiri kila ngamia tuliyewauzia watu. Nikageuka, nikaondoka. Hiyo ndiyo kamba aliyonifunga nayo, na aliijua, kwa sababu tuliisokota pamoja.

Hooyo nilimwambia yote. Hakunipiga. Aliuliza, "Na ndugu yako amelala wapi?" Kila asubuhi, mpaka alipokufa, alifukiza chombo chake cha maziwa kwa moshi, kama mtu anayekwenda kukama. Nilipopata uwezo nilimnunulia ngamia. Alimkama kwa ajili ya watoto wangu. Yeye mwenyewe hakunywa.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipeleka sukari Takaba. Mwenye duka alikuwa yeye, ana mvi. Alinipa mkono, nikaupokea kwa ajili ya hooyo. Kisha akanifinya kiganja.

Mpaka leo sijui alitaka kusema nini. Kwamba sisi bado ni wamoja? Kwamba ulikuwa mchezo? Niliuvuta mkono wangu, nikamwambia ahesabu magunia.

Leo nina nyumba ya mawe Garissa, duka moja, lori moja zima na moja bovu, ngamia arobaini na wawili, ng'ombe wachache ng'ambo ya mto, na chombo cha maziwa cha hooyo, ambacho bado kinanuka moshi. Ndugu sina. Ngamia nauza kwa mdomo, bei wazi, na wanaonicheka sokoni nawaacha wacheke.