Picha Alizozizima Okito

Mzee Okito wa mtaa wetu wa Kasuku ni mbishi, na ubishi wake mkubwa ni wa simu. Hapa Kindu karibu kila mtu anafungua mtandao kwa Chrome. Yeye ameng'ang'ania Opera, tena amezima picha zisifunguke zenyewe, ili mega za intaneti zisiishe haraka. Ukimwambia abadilishe, anakukatiza: "Picha inakulaka mega. Miye nasomaka maneno tu."

Maneno yenyewe yalikuwa yakitoka Uruguay. Wakati wa vita, mji ulipofungwa na chumvi ikawa ya kuhadithiwa tu, walifika askari wa huko, wa kulinda amani, na mashua zao, Okito akawa mkalimani wao. Kiingereza chake alikipanga kama Kiswahili. Mashua nyeupe kwake ilikuwa "boat white". Sajini mmoja naye alikipanga hivyohivyo, maana Kihispania cha kwao pia hutanguliza kitu, sifa ikafuata. Waliosoma waliwacheka. Hao wawili walielewana vizuri tu, wakashinda mtoni wakivua samaki na kusimuliana habari za nyumbani.

Sajini alikuwa na kamera. Siku moja alimpiga picha Béatrice, mke wa Okito, akiwa ukingoni mwa mto. Mwaka uleule Béatrice alikufa kwa homa, na nyumba yao ikachomwa pamoja na kila kitu. Okito hakubaki na picha hata moja. Na uso wa mtu, jamani, unafutika. Aliniambia mwenyewe kwamba sauti ya mkewe ikimgombeza anaisikia bado, lakini uso akiutafuta haupati, na hilo linamuuma kuliko kulala peke yake.

Sajini aliporudi kwao, waliendelea kuandikiana kwa mtandao. Okito akaiomba ile picha. Jibu likaja: hii hapa. Chini yake palikuwa na kiboksi kitupu. Akaomba tena, Sajini akatuma tena, kiboksi kilekile. Mwishowe Okito akaona anachezewa, tena kwa jambo la marehemu. Akanuna. Sajini aliandika kuuliza kama amemkosea, naye hakumjibu. Tangu hapo alikuwa anakaa mlangoni kwake jioni na simu mkononi, hana wa kumwandikia.

Mwezi uliopita simu hiyo ilianguka mtoni. Akaazima ya Josiane, jirani yetu anayeuza samaki, aangalie ujumbe wake. Alipofungua, Béatrice akatokea, ameshika beseni, anacheka na pengo lake la mbele.

"Huyu njo nani, papa?" Josiane akamuuliza, maana kwetu mzee huitwa papa, yaani baba.

"Bibi yangu. Kumbe alinitumiaka."

"Zilikuwa zinafika, papa. Weye njo ulizima picha kwa simu yako."

Okito alilia mbele ya beseni la samaki, bila kujificha. Kisha akaandika kuomba msamaha, kwa Kiingereza chake kilekile: "Friend my, photo I see."

Jibu lilikuja siku ya pili. Kiingereza cha jibu hilo kilikuwa kimenyooka, kila neno mahali pake, na kabla hajafika katikati Okito alishajua kwamba si Sajini. Alikuwa binti yake. Baba yake alikuwa amefariki mwezi wa tatu, aliandika, na mpaka siku za mwisho alikuwa akimuuliza kama rafiki yake wa Kindu amejibu.