Mwendesha Lifti Awapokea Wakopeshaji

Lifti ya wizara ilikufa mwaka 1981, lakini mwendeshaji wake, Bwana Asiamah, hakuona kwamba jambo hilo lilimhusu. Kwa miaka sita mfululizo alivaa sare yake ya kaki yenye vifungo vya shaba, akatoka kwake Kaneshie hadi katikati ya Accra, akaufungua mlango wa lifti kwa nguvu za mikono, akaketi ndani juu ya kigoda. Si kwamba alikaa bure. Faili zilizotakiwa ghorofa ya sita zilipanda ngazi juu ya kichwa chake, na zilizochokwa huko juu zilishuka naye. Alijua kila ofisi ina nini, na nani husinzia humo baada ya chakula.

Jumatano moja ya mwaka 1987, Dzifa, mpiga taipu wa ghorofa ya chini, alikuja akaegemea mlango wa lifti, mkononi ana kenke, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga.

"Mjomba, jana nimetaipu jina lako."

"Wapi?"

"Kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Ukurasa wa arobaini na moja. Imeandikwa, 'Mwendesha lifti, hana kazi.'"

"Nani kasema sina kazi? Jana nimepanda ngazi mara tisa."

"Usinitolee macho mimi. Na mimi nipo, ukurasa wa arobaini na tatu. Nimejitaipu mwenyewe, tena bila kosa hata moja."

Mambo yalikuwa hivi. Serikali ilikuwa imekopa ng'ambo, na wakopeshaji wa ng'ambo hawakupi fungu linalofuata mpaka wakuone umefunga mkanda, nao ndio wanaovuta ncha yake. Safari hii walitaka watumishi elfu kumi na mbili waondoke serikalini. Wakubwa wa wizara walikubali haraka, kisha wakaifanya siri kwa miezi mitatu, kwa kuwa kila jioni walipaswa kupita getini mbele ya baadhi ya hao elfu kumi na mbili. Ujumbe wa wakopeshaji ungekuja Ijumaa kuikagua orodha. Jumatatu barua zingetoka. Na Asiamah alikuwa amebakiza miaka mitatu tu apate pensheni yake kamili.

"Sasa utafanyaje, mjomba?" Dzifa aliuliza.

"Nitakuja kazini. Angalau niwaone sura."

Ijumaa saa tatu waliingia: mama mmoja mrefu aliyeitwa Bi. Halvorsen, mkuu wa ujumbe, na vijana wawili wenye mikoba mizito. Hakuna aliyewangoja chini. Katibu Mkuu alikuwa ghorofa ya sita akipanga chati zake, naye hakuwa mtu wa kushuka ngazi ambazo angelazimika kuzipanda tena. Basi wageni wakaelekea kwenye ngazi.

Asiamah akainuka. Hasira aliyokuja nayo ilimtoka ghafla, ikaingia fedheha. Mgeni apande juu hajaketi, hajanywa maji, hajaulizwa kilichomleta? Hata anayekuja kukukamata hupewa maji kwanza.

"Samahani, mama," alisema kwa Kiingereza chake cha sare. "Hapa hatupandi hivyo."

Akawaketisha kwenye benchi. Mama Efe, mfagizi, akaleta maji ya mtungini kwenye vikombe vya bati. Asiamah akaketi kwenye kigoda akiwaelekea, akamwita Dzifa awe msemaji, maana mwenyeji wa heshima hazungumzi na mgeni moja kwa moja, hata kama magoti yao yanagusana. Wapiga taipu wakatoka kutazama, na madereva, na watu waliokuwa wakifuatilia barua zao tangu mwezi wa pili.

"Mwambie sisi hapa hatujambo," Asiamah alimwambia Dzifa. "Wao ndio walio safarini. Watueleze kilichowaleta."

Bi. Halvorsen alivitazama vile vifungo vya shaba. Alikuwa amezunguka nchi ishirini na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa utaratibu namna ile. Akaweka kikombe chini, akaeleza kwa utulivu juu ya urari, ufanisi, na uwiano unaofaa wa rasilimali watu katika utumishi wa umma.

Dzifa akageuka, akaipaza sauti kwa Kitwi ili kila mtu asikie. "Anasema wamekuja kuhakikisha watu elfu kumi na mbili wanafukuzwa."

Dereva mmoja akauliza, "Kina nani?"

"Orodha iko juu," Dzifa akasema. "Sisi wengine tumeiona."

Minong'ono ikaanza, ikakua. Asiamah akainua mkono mmoja, ikatulia. Mgeni ameshakunywa maji yako. Huwezi tena kumtukana.

"Mwambie karibu," alisema. "Na mwambie kwamba wa juu wanaijua habari hii miezi mitatu sasa, lakini yeye ndiye wa kwanza kutueleza."

Dzifa akaifikisha kwa Kiingereza, neno kwa neno. Bi. Halvorsen akawa mwekundu hadi masikioni, akaandika kitu kwenye daftari. Kisha Asiamah akawapa mkono wote, kuanzia kulia kama inavyopasa, akatwaa mikoba, akajitwika kichwani, akawatangulia kupanda ghorofa sita.

Katibu Mkuu aliwapokea akiwa amenuna. Walikuwa wamechelewa saa nzima.

"Tulikuwa chini," alisema Bi. Halvorsen akihema. "Mkuu wako wa itifaki ni mtu makini sana. Natumaini hayumo kwenye orodha?"

Katibu Mkuu alimtazama Asiamah, aliyekuwa akitua mikoba. Akalifikiria fungu la mkopo lililokuwa karibu kutolewa. Wizara haikuwa na mkuu wa itifaki.

"Yeye? Hata kidogo," alisema.

Wageni walipoondoka alasiri, Asiamah aliitwa juu. Katibu Mkuu alikuwa ameifungua orodha kwenye ukurasa wa arobaini na moja.

"Cheo cha mwendesha lifti kimefutwa," alisema. "Kwenye orodha yao umeshaondoka, hesabu iko palepale, elfu kumi na mbili. Wewe kuanzia Jumatatu ni itifaki. Mshahara uleule. Sasa nenda."

Asiamah hakwenda.

"Mheshimiwa, na msemaji wangu?"

"Msemaji gani?"

"Dzifa. Ukurasa wa arobaini na tatu. Yule mama amesema atarudi Machi. Nitaongea naye kwa mdomo wangu mwenyewe, nimvunjie heshima?"

Katibu Mkuu alivuta pumzi, akafungua ukurasa wa arobaini na tatu, akafuta cheo cha Dzifa cha mpiga taipu, akaandika pembeni, "Msemaji wa itifaki."

"Umeridhika?"

"Kuna Mama Efe, wa maji. Yuko ukurasa wa hamsini."

Katibu Mkuu akaweka kalamu mezani. "Asiamah, hebu niambie. Kumpa mgeni kikombe cha maji kunahitaji watu wangapi?"

"Kwa adabu, mheshimiwa?" Asiamah alifikiri kidogo. "Niazime hiyo kalamu."