Dinah Hayumo Kitabuni

Bibi yangu, Ardith Pomfrey, ni mpeleka barua wa posta hapa kwetu Virginia, Marekani. Miaka ishirini na sita anatia barua kwenye visanduku vya kando ya barabara, na anajua nani anaumwa na nani kagombana na mwanawe. Yeye pia ndiye mwandishi wa kitabu cha ukoo wetu, kile kinachosomwa kila Agosti tukikutana kwenye uwanja wa kanisa kula kuku wa kukaanga na kujisifu.

Mwaka huu aliniita nimsaidie kuchapa. Nikapewa kasha la nakala za mahakama: wosia na orodha za kodi za enzi za Waingereza. Zamani hizo mwenye shamba alilipia kodi kila mtumwa aliyefikisha miaka kumi na sita. Kwa hiyo ukiuona mwaka jina linapoingia mara ya kwanza, unatoa kumi na sita, unajua mtu alizaliwa lini. Mtumwa mmoja, Dinah, aliingia 1768. Alizaliwa 1752! Nikarukaruka kama mpelelezi.

Halafu nikasoma wosia wa babu yetu Josiah. "Binti yangu Patience nampa Dinah, mtoto wa Sukey, pamoja na watoto wote atakaowazaa, milele."

Watoto wenyewe hawajazaliwa, wameshagawiwa. Niliacha kurukaruka.

Chini ya kasha kulikuwa na barua ya miaka tisa nyuma, kutoka kwa Bi Ernestine Gholson, mama mmoja Mweusi ambaye bibi humpelekea barua. "Mama yangu anamtafuta Dinah, nyanya yetu wa mwanzo. Je, kwenye karatasi zenu yumo?"

"Bibi, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia hayumo."

"Lakini yumo!"

"Najua yumo, nina macho." Akakaa. "Wajomba zako hawataki watumwa watajwe kitabuni; wangenimeza. Nikasema karatasi nitampa mwakani. Kila mwaka nasema mwakani. Na kila siku nikipita, mtoto, ananipungia mkono."

"Twende sasa hivi."

"Leo Jumapili, watu wame—"

"Bibi!"

Bi Ernestine alikuwa barazani kwake anakatakata maharagwe mabichi.

"Ardith! Posta siku hizi inafanya kazi Jumapili?"

Bibi akampa nakala ya wosia. "Nilikudanganya, Ernestine."

Akasoma. Akarudia.

"Mama alifariki Machi."

"Najua."

"Unajua, eh. Kadi zote za pole uliniletea wewe."

Nilitamani baraza inimeze. Patience, yule aliyepewa Dinah, ni nyanya wa ukoo wetu, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Nisamehe," bibi akasema.

"Hilo liache kwanza. Mkutano wenu lini?"

"Jumamosi."

"Utausoma huo wosia mbele ya ukoo wako wote. Mimi na wanangu tutakaa safu ya kwanza."

Nilidhani bibi atakataa katakata.

"Saa nne asubuhi," akasema. "Njooni mapema, viti vya kivulini huisha."

Bi Ernestine akarudia maharagwe yake. "Viti tutakuja na vyetu."